Sarandibu na Busara: Maana na Asili ya Neno Serendipity

Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia katika lugha ile kama wageni wa usiku: asubuhi yakaonekana yamekaa barazani, wala hapana awezaye kusema yalibisha hodi saa ngapi. Neno serendipity si katika hayo. Siku ya kuzaliwa kwake yajulikana. Lilizaliwa tarehe 28 Januari, 1754, katika barua ya Horace Walpole, mpenzi wa vitu vya kale na mwana wa Robert Walpole ambaye huhesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Barua ile ilikwenda kwa Horace Mann, mjumbe wa mfalme wa Uingereza katika mji wa Florence. Baba wa neno ajulikana, mahali pajulikana, na sababu yajulikana. Jambo lililotatanika ni maana; na matatizo ya maana hayakuanza kwa wanafunzi wala kwa wapiga chapa, yalianza kwa baba mwenyewe.

Mann alikuwa amempelekea Walpole picha ya Bianca Cappello, mke wa mtawala wa Toscana wa zamani. Walpole, katika kufunua kitabu kikuukuu cha nembo za jamaa kubwa za Venice, akaikuta nembo ya ukoo wa Cappello, na ndani yake akaona alama ya ua ambayo aliihusisha na ndoa ile ya Toscana. Alifurahi kama mtoto. Akamwandikia rafiki yake kwamba uvumbuzi wa namna hiyo yeye huuita serendipity, na kwa kuwa neno halikupata kusikiwa na mtu, akalieleza. Alisema alipata kusoma hekaya moja, ambayo yeye aliiona ya kipuuzi, juu ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Wana hao kila waliposafiri waligundua, kwa kutokea na kwa busara, mambo ambayo hawakuwa wakiyatafuta.

Sharti maneno hayo yashikwe vema, kwa maana shauri lote limo ndani yake. Walpole alitaja vitu viwili, si kimoja: kutokea na busara. Akaongeza sharti la tatu, kwamba kinachopatikana kiwe hakikutafutwa. Palipokosekana moja katika hayo, neno lake halina kazi.

Lakini mifano aliyoitoa haifanani na maelezo yake. Mfano wa kwanza ni wa nyumbu aliyekuwa na chongo la jicho la kulia: mmoja wa wana wa mfalme alijua kwamba nyumbu huyo amepita njiani kwa sababu majani yalikuwa yameliwa upande wa kushoto tu, ambako yalikuwa mabaya kuliko ya kulia. Mfano wa pili ni wa Lord Shaftesbury, ambaye alikula chakula nyumbani kwa waziri Clarendon akatambua kwamba binti wa nyumba ile ameolewa kwa siri na Duke wa York, kwa vile tu alivyoona mama mtu akimheshimu bintiye mezani. Katika kisa cha nembo, kutokea ni kwingi na busara ni kidogo. Yeyote ajuaye kufunua kitabu angaliweza kuiona. Katika kisa cha Shaftesbury, busara ni tupu, na kutokea ni kule kualikwa chakula tu. Watoto hawa wawili wamezaliwa na baba mmoja, na mwenye kuwatazama atasema si ndugu.

Kosa jingine ni dogo, walakini linachekesha. Mnyama wa hekaya si nyumbu, ni ngamia. Aliyeunda neno la kusifu macho makali hakumtazama vizuri mnyama aliyelizaa.

Hekaya yenyewe yastahili kusomwa kuliko alivyodhani. Katika Ulaya ilitokea Venice mwaka 1557, katika chapa ya Michele Tramezzino, nayo yasemwa humo kwamba ilifasiriwa kutoka Kiajemi kwenda Kiitaliano na Cristoforo Armeno. Mfaransa de Mailly akaigeuza kwa namna yake mwaka 1719, na kutoka Kifaransa ikaingia Kiingereza mwaka 1722. Shina lake la Kiajemi ni utenzi mrefu wa Amir Khusrau wa Delhi uitwao Hasht Bihisht, yaani Pepo Nane, uliokamilika mwaka 1302. Hekaya iliyovuka nchi nyingi kiasi hicho kabla ya kufika meza ya Walpole si rahisi kuwa upuuzi. Upuuzi haubebwi mbali.

Wana watatu wa mfalme wa Serendip walikuwa wamesomeshwa sana, kisha baba yao akawatoa nchini ili wakaujue ulimwengu kwa macho yao. Njiani wakakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wakamwuliza: Je, si mwenye chongo? Si mwenye pengo la jino? Si mwenye kuchechemea mguu mmoja? Wakazidi: amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili, na juu yake amepandwa na mwanamke mjamzito. Yule mtu, akisikia sifa zote hizo, hakuwa na shaka kwamba walio mbele yake ndio wezi. Akawapeleka mbele ya mfalme Beramo, nao wakatiwa gerezani.

Ngamia akaja akaonekana kwa njia nyingine, na hapo ndipo wakaulizwa walijuaje. Majani yaliliwa upande mmoja wa njia tu, na ule ulikuwa upande mbaya: basi jicho la pili halioni. Vipande vya majani yaliyotafunwa vilidondoka njiani, kila kimoja kadiri ya jino la ngamia: basi pana pengo. Nyayo za miguu mitatu zilikuwa wazi na wa nne ulikokotwa: basi ni kilema. Upande mmoja wa njia sisimizi walikusanyika, nao hupenda mafuta. Upande wa pili nzi, nao hupenda asali. Na mahali ngamia alipopiga magoti palikuwa na unyayo wa mwanamke, na kando yake alama za viganja, kama za mtu aliyelemewa na mimba akajisaidia kwa mikono kuinuka.

Basi kilichotokea hapa ni nini? Ngamia hakuwaangukia vijana kutoka mbinguni. Hata kumwona hawakumwona. Walichokuta njiani ni majani, nzi na nyayo, vitu ambavyo kila msafiri wa siku ile alivikuta vilevile akapita. Kutokea kulikuwa kwa watu wote. Busara ilikuwa ya watatu. Tena hawakuwa wakitafuta kitu, na kwa upande huo Walpole amesema kweli: elimu yao ilikusanywa bila haja, nayo ikapata haja baadaye, siku walipokutana na mwenye mali.

Lakini liko jambo ambalo Walpole alilipita kama wale wasafiri walivyoyapita majani. Busara ile iliwatia gerezani. Ajuaye ambacho hakutafuta hushukiwa, kwa kuwa mahakama haina fungu la mtu aliyejua bila kuona. Dalili zilizopaswa kuwa sifa ziligeuka kuwa ushahidi wa wizi. Voltaire, aliyeitumia hekaya ya ukoo huu katika Zadig miaka michache kabla ya barua ya Walpole, alilishika jambo hili akalikaza. Zadig ataja alama za mbwa wa malkia na farasi wa mfalme ambao hakuwaona, akaadhibiwa kwa kujua. Na siku nyingine, akiwa amemwona mfungwa anatoroka, akanyamaza asije akaponzwa tena, akatozwa faini kwa kunyamaza. Kwa Mfaransa yule hekaya ni kisa cha hatari ya akili katika nchi ya watawala wasioelewa. Kwa Mwingereza, ni mchezo wa bwana tajiri katika maktaba yake. Neno lilizaliwa na wa pili, na kwa sababu hiyo halina hatari ndani yake hata leo.

Waarabu walikuwa nacho kisa hiki zamani zaidi. At-Tabari na al-Masudi, wanahistoria wa karne ya 10, wasimulia habari za wana wanne wa Nizar waliokuwa wakienda Najran kwa al-Af'a wa Jurhum ili awaamue katika urithi wa baba yao. Mudhar aliona majani yameliwa upande mmoja akasema ngamia ana chongo. Rabia akasema amepinda. Iyad akasema hana mkia, kwa kuwa kinyesi chake kilikuwa fungu moja, na mwenye mkia angalikitawanya. Anmar akasema ni mtoro, kwa kuwa alianza kula penye majani mazuri kisha akahamia penye majani hafifu. Mwenye ngamia akawashitaki, kama desturi ya hekaya. Lakini al-Af'a alipowasikiliza alimwambia mtu yule kwamba hawa sio walio na ngamia wake, aende akamtafute. Hapa hakimu anaielewa busara anapoiona. Waarabu wana neno kwa akili ya namna hii, nalo ni firasa, yaani kutambua lililofichika kwa alama za lililo wazi. Katika firasa hamna bahati hata chembe. Lau Walpole angalikisoma kisa kwa Kiarabu, asingalihitaji kuunda neno, au angaliunda jingine.

Ama jina la nchi, hilo ni la bahari hii. Serendip ni Sarandib ya Waarabu na Waajemi, kisiwa ambacho dunia ilikiita Ceylon mpaka mwaka 1972 kilipojiita Sri Lanka. Katika Alfu Lela U Lela, Sindbad afika Sarandib katika safari yake ya sita. Ibn Battuta, yule yule aliyeandika habari za Mombasa na Kilwa baada ya kuzizuru mwaka 1331, alifika kisiwani humo mwaka 1344 akapanda mlima wenye alama inayoaminiwa kuwa ni unyayo wa Nabii Adamu. Kwa hiyo mabaharia na wanachuoni wa bahari hii walilitamka jina hili karne nyingi kabla halijawa fumbo la kamusi za Kiingereza.

Wengi katika wataalamu wamelipeleka jina Sarandib kwenye Kisanskriti, Simhala-dvipa: kisiwa cha Wasinhala. Dvipa ni kisiwa, na ndiyo iliyobaki pia katika mwisho wa jina la Maldives. Simha ni simba. Na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapotegwa, kwa kuwa simha na simba zafanana kama mapacha, na bahari iliyo kati yao ilipitwa na majahazi kila musimu. Hapana tunda liningʼiniapo chini kuliko hilo. Walakini neno simba ni la Kibantu, lina ndugu zake mbali na pwani ambako Kisanskriti hakikupata kufika: Washona humwita simba shumba, na Wazulu wana insimba, ambaye ni mnyama mdogo wa jamii ya fungo na kanu. Mfanano wa simha na simba ni wa kutokea tu. Anayeuona akafurahi, kisha akaandika kwamba simba alikuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi, amepata sehemu moja ya mapishi ya Walpole, akakosa ya pili. Ameona majani yaliyoliwa, hakuuliza yameliwa upande gani.

Neno lilipozaliwa halikusikika. Barua za Walpole kwa Mann zilipigwa chapa mwaka 1833, alipokuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1797. Mwaka 1875 Edward Solly alilizungumza katika jarida la Notes and Queries, na kwa miongo mingi baada ya hapo likabaki kuwa neno la wakusanyaji wa vitabu vikuukuu, watu ambao kwao kuingia dukani kutafuta kimoja na kutoka na kingine ni maisha ya kila wiki. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter B. Cannon, alilipa sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya njia za mtafiti, na tangu hapo likawa mali ya sayansi. Mtaalamu wa jamii Robert K. Merton pamoja na Elinor Barber wakaliandikia kitabu kizima. Muswada ulimalizika mwaka 1958, ukakaa sandukuni, ukatoka mwaka 2002, tena kwa Kiitaliano kwanza, kama hekaya ilivyotoka Venice. Cha Kiingereza kikafuata mwaka 2004, Merton akiwa amefariki mwaka uliotangulia.

Katika safari hiyo neno lilipungua. Kwa Walpole lilikuwa namna ya kugundua. Kamusi za Kiingereza zikalifanya kipaji cha kugundua. Watu wa mitaani wakalifanya tukio. Leo Mwingereza akikutana na rafiki wa zamani kwenye kituo cha gari moshi atalitumia neno hili, naye hakugundua lolote, alikuwapo tu. Busara imeanguka njiani kama majani ya ngamia mwenye pengo. Kutokea kumebaki peke yake, na neno la silabi tano sasa hufanya kazi ya neno ambalo Kiingereza kilikuwa nalo tangu zamani.

Hasara hiyo huonekana zaidi katika kisa cha Alexander Fleming, ambacho hutolewa shuleni kila inapotajwa habari ya ugunduzi usiotafutwa. Mwezi Septemba, 1928, Fleming alirudi kutoka likizo katika maabara yake ya hospitali ya St Mary's, London, akaona kwamba kuvu imeota katika kisahani kimoja cha bakteria, na kwamba bakteria walio karibu na kuvu ile wamekufa. Mpaka hapo ni kutokea, na kuvu katika kisahani kilichosahauliwa ni karaha ambayo kila maabara huijua na kuitupa. Lakini Fleming alikuwa amekwisha tangaza mwaka 1922 habari za laisozimu, kitu kilichomo katika machozi na makamasi ambacho huua bakteria wa aina fulani. Jicho lake lilikuwa limefunzwa kuona duara tupu kuzunguka kitu kiuacho. Aliona upande gani majani yameliwa. Hata hivyo dawa haikupatikana siku ile. Ilihitaji kazi ya Florey na Chain huko Oxford tangu mwaka 1939, kazi ya kutafuta kwa makusudi, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 iligawanywa kwa watu watatu. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba penisilini ilipatikana kwa bahati amemfundisha kukaa chini ya mti akingoja. Pasteur alikuwa amekwisha sema huko Lille mwaka 1854, miaka mia kamili baada ya barua ya Walpole, kwamba katika mambo ya kuchunguza, bahati huzipendelea akili zilizokwisha kuandaliwa tu.

Kwa sababu hiyo tafsiri ya neno hili katika Kiswahili si jambo la kumaliza kwa haraka. Mfasiri mvivu ana maneno tele mkononi. Yuko bahati, neno la Kiajemi. Yuko nasibu, ambalo kwa Kiarabu ni fungu alilopangiwa mtu. Iko sudi, liko jaha, iko ngekewa. Yote ni mazuri na yote yamesimama upande mmoja: mtu hupewa, hafanyi. Bahati ya mtende kuota jangwani ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtende haukutambua kitu. Sadfa yakaribia, maana asili yake ya Kiarabu ni kukutana kusikotarajiwa. Lakini sadfa yaweza kuwa ya heri au ya shari, na gari mbili zilizogongana nazo zimekutana kwa sadfa.

Kiswahili kina kitenzi kuvumbua, ambacho hutumika kwa aliyetafuta na kwa asiyetafuta, na ndicho kilicho bora katika sentensi nyingi. Upungufu wake ni kwamba hakisemi ni yupi katika hao wawili. Wako watakaopenda kuchukua jina lenyewe na kulitia viambishi, waseme usarandibu, na kwa kuwa jina ni la bahari hii hapana aibu katika kulirudisha nyumbani. Kiambishi u- kingeleta hata faida: kingelazimisha neno liwe sifa ya mtu, si tukio. Walakini neno lisilo na hekaya nyuma yake ni ganda. Mwingereza mwenyewe, ambaye hekaya aliisahau, amebaki na ganda hilo.

Pengine msaada umo katika neno la pili la Walpole. Busara kwa Kiingereza chake ni sagacity, na neno hilo latoka kwa Kilatini sagax, ambalo lilisifu pua ya mbwa wa kuwinda. Busara ya Kiswahili yatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona. Mwingereza hunusa, Mswahili huona. Na wana wa Sarandib hasa walitazama. Neno la Kiswahili laifaa hekaya kuliko neno la mwenye kuisimulia. Basi mfasiri aweza kusema busara ya njiani, kwa kuwa njiani ndipo mtu akutanapo na asichokwenda kukitafuta, na busara ndiyo imtofautishayo na wapitao. Fleming alikuwa na busara ya njiani. Shaftesbury mezani alikuwa nayo. Wana wa Nizar walikuwa nayo tele. Aliyekutana na rafiki kituoni hanayo, naye aambiwe amebahatika. Upungufu wa maneno haya ni kwamba hayana furaha ile ya ghafula ambayo Walpole aliitia katika barua yake, furaha ya mtu aliyefunua kitabu kikuukuu akaona ua juu ya nembo. Tena ni maneno mawili, na kamusi hupenda moja.